Mji Usiopitika

Mume wangu aliendesha lori tangu kabla hatujajuana, na barabara yake ilikuwa moja, ile ya pwani, kutoka bandarini hadi mpakani na kurudi. Wenzake walimpa jina la Breki, kwa kuwa hakuwahi kugonga hata kuku. Alipostaafu walimfanyia kihafla pale gereji wakampa saa ya ukutani. Akaja nayo, akaitundika sebuleni, akakaa chini yake. Nasema akakaa. Miezi ikapita mtu yuko palepale, anapangusa kiti kabla ya kukikalia, anauliza kama mlango wa nyuma umefungwa, anakwenda kuuangalia mwenyewe, anarudi. Mimi ni dobi wa hospitali, nashinda ndani ya mvuke nikikunja mashuka, na nikirudi jioni namkuta mgeni sebuleni ambaye ni mume wangu. Maisha yetu yote tulikuwa tunaonana kwa vipande, leo yupo, kesho hayupo. Sasa yupo tu, na hakuna kati yetu aliyejua afanye nini na mwenzake.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la safari. Kwenye chumba chetu cha kupigia pasi kuna kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, hakuna anayeibandua kwa sababu ya picha zake. Ya kwanza bustani kubwa yenye njia za kokoto, ya pili tembo, ya tatu mji wa kale wenye lango la mawe. Zote ziko kwenye barabara ile ya mume wangu. Nimezitazama huku nikipiga pasi mpaka nikaona zinanidai kitu.

"Baba," nikamwambia, "nina likizo. Nipeleke kwenye barabara yako. Nataka bustani, nataka wanyama, nataka na ule mji wa zamani. Binti yetu atatuazima kigari chake."

Akainuka pale chini ya saa kama mtu aliyeitwa kazini. Akaomba ramani.

Binti akaileta siku ya pili, ramani ya karatasi, maana baba yake haiamini ile ya kwenye simu. Tukaitandaza mezani. Nilitegemea raha, jamani. Mtu amepita njia moja miaka yote hiyo, nani wa kukupangia safari kama si yeye? Akaweka kidole, akaanza.

"Hapa kuna mizani ya malori. Hapa mteremko mrefu, tutasimama tupoze breki. Hapa ndipo tutakapolala, pana uwanja mpana, unageuza bila kurudi nyuma."

"Unageuza nini, Baba? Kigari cha binti kinageuka hata jikoni."

"Uwanja mpana ni uwanja mpana," akasema.

Nikamwuliza bustani iko wapi. Akaonyesha. "Hapa kuna ukuta mrefu upande wa kushoto, halafu mizani ya pili."

"Na ndani?"

"Ndani sijui. Ukuta naujua."

Hapo nikaanza kuchanganyikiwa. Maana jikoni kwangu, barazani, mpaka dirisha la bafu, kuna makopo ya maua yaliyotoka huko. Karibu kila safari alikuwa ananiletea mche, umefungwa gazeti vizuri, na udongo wake umeloweshwa. Nikamwuliza, "Si ulisema haya maua ni ya bustanini?" Akajibu, "Nilisema yametoka pale." Sasa hiyo ni lugha gani?

Tukaenda kwa wanyama. Nikadhani hapo angalau atachangamka. Akasema punda milia ni wasumbufu, wanavuka ghafla na hawana taa za nyuma. Binti akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza twiga je. "Twiga ana nafuu," akasema, "unamwona mapema." Hakuwa anatania. Alikuwa amekunja uso vilevile alivyoukunja alipotaja mteremko.

Mwisho nikaweka kidole changu mwenyewe kwenye ule mji wa lango la mawe. "Na hapa tulale siku moja au mbili."

Akakitoa kidole changu kwa upole. "Hapo hapapitiki."

"Hapapitiki vipi?"

"Mji ule haupitiki, Mama. Tutazunguka kwa barabara ya mchepuo, utaona minara yake kwa mbali."

Binti akafungua simu. "Baba, barabara hii hapa, inaingia mpaka katikati. Ona picha, magari yamo ndani."

Baba yake hakutazama picha. Akainuka akaenda kuangalia mlango wa nyuma kama umefungwa, nao ulikuwa umefungwa, nimeufunga mimi. Akakaa huko muda mrefu. Mimi na binti tukatazamana. Nikaikunja ramani, maana mume wangu hajui kuikunja, anaifanya kama anafunga samaki, na moyoni nikawa na kitu ambacho asubuhi sikuwa nacho.

Wifi yangu, dada yake mdogo, alikuja kesho yake kunywa chai. Nikamsimulia kwa kucheka, nikijua atacheka. Hakucheka. Akaweka kikombe.

"Wifi, mimi nampenda kaka yangu," akasema. "Lakini dereva wa masafa akikwambia kuna mji hauingiliki, jiulize nani yumo."

"Usinitie maneno, wifi."

"Sikutii. Na hayo maua? Umeona wapi mwanamume anazunguka na makopo ya maua kwenye lori? Wanaume wanakumbuka dizeli. Huo mche umefungwa gazeti hivyo, udongo umeloweshwa hivyo, huo ni mkono wa mwanamke."

Akamaliza chai yake akaenda zake, maneno yakabaki mezani. Nilijaribu kuyapuuza. Lakini neno la wifi si la kupuuza, kwa sababu ni damu yake, ana faida gani kumchafua kaka yake? Halafu nikajiambia huyu wifi hata harusini kwetu alisema gauni langu limenibana. Nikamwamini, nikaacha kumwamini, nikamwamini tena, yote hayo kabla sijaosha vikombe.

Kazini nikaharibu. Nilikunja foronya nikazipanga kwenye rafu ya mashuka ya upasuaji, msimamizi wetu akaniuliza kama naumwa. Nikasema macho yananisumbua. Nilikuwa napiga hesabu zisizo na jibu. Kama ana mke mwingine, kwa nini kastaafu akaja kukaa chini ya saa? Kama hana, kwa nini mji mzima umefungwa? Mtu hafungiwi mji. Na mimi nimekaa na mwanamume huyu ujana wangu wote, nimezaa naye, nikamzika naye mama yake, sasa sijui hata nimwulize vipi.

Siku nyingine narudi kutoka kazini namsikia uani anaongea na mwenzake kwenye simu. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Lakini alikuwa na sauti ile ya madereva, ya kushindana na injini.

"Ule mji niliapa siingii tena," anasema. "Leo nitaingiaje na mke wangu pembeni? Nikikutana na mtu anayenifahamu je?"

Nilisimama na mfuko wa mkate mkononi. Basi, nikasema, wifi hakunionea. Ningeweza kutoka hapo uani tukamaliza, lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Sikutaka kuambiwa. Nimeambiwa mambo ya barabara ile maisha yangu yote na kumbe sijaambiwa kitu.

Wakati wa chakula nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, bila ule mji, mimi safari sitaki."

Akatafuna, akameza. "Sawa," akasema, shingo upande. "Kama ndivyo unavyotaka."

Nikapanga begi. Nilichukua lile kubwa, la kuhamia. Nikatia nguo karibu zote, sweta, vyeti vyangu, na chini kabisa sare yangu ya kazi, imepigwa pasi. Nilishaamua. Nikimkuta mwanamke wake katika mji ule, sirudi na yeye. Nitapanda basi nikae kwa dada yangu, na likizo ikiisha nitaripoti kazini kutokea huko. Binti alipokuja na kigari akaliona begi. "Mama, mnahama?" akauliza kwa utani. Nikamwambia huko pwani kuna upepo.

Kigari ni kidogo. Mume wangu alikiingia kwa kujikunja, magoti yakagusa usukani, na kabla ya kuondoka alikizunguka chote akipiga tairi teke moja moja. Njiani alikuwa anaacha nafasi kubwa mbele yake mpaka kila mtu akaingia humo. Kwenye kona alitanua kwa nje, akisubiri mkia ambao hatukuwa nao. Ningecheka. Lakini mwanamke anayejiuliza kama huyu ni mume wake au wa mwingine hacheki vizuri.

Tulifika kwenye ukuta mrefu upande wa kushoto, kama alivyosema. Pale mbele ya mizani kuna meza za wauza miche, na mwanamke mmoja akainuka.

"Breki! Leo umekuja na gari la mtoto?"

Nikageuka kumtazama vizuri. Ni bibi, rika la mama mkwe wangu, vidole vyeusi kwa udongo. Akaja mpaka dirishani kwangu akanishika mkono.

"Ndiye huyu?" akamwuliza mume wangu.

"Ndiye."

"Karibu, mwanangu. Huyu akiwa kwenye foleni ya mizani ananitesa kwa maswali. Ua lipi halitakufa kivulini, maana jikoni kwenu hakuna jua. Lipi lina harufu, maana unashinda na harufu ya dawa za kufulia. Nikimfungia vibaya ananirudishia nifunge upya."

Mwanamke mwingine ananieleza jua la jikoni kwangu. Nifurahi au nikasirike? Nilifurahi, kisha nikakasirika kwa kufurahi haraka hivyo. Wifi alisema mkono wa mwanamke, na kweli ulikuwa mkono wa mwanamke, sasa nimfanye nini huyu bibi? Lakini ule mji bado ulikuwa mbele, na kiapo chake nilikisikia kwa masikio yangu.

Tukaingia bustanini, yeye kwa mara ya kwanza sawasawa na mimi. Ndani niliukuta mche wangu wa jikoni, ule wa majani mapana ulioko kwenye kopo la rangi, kila mwaka naupunguza ncha. Humo bustanini ni mti. Umelipita paa la nyumba ya mtunzaji na umejaa ndege. Mume wangu akainua uso, kofia ikamdondoka.

"Kumbe unakuwa hivi," akasema.

"Sisi tumeufungia kwenye kopo."

"Tukirudi tuutoe nje." Akasema "tukirudi", na mimi nikaliwaza begi langu nyuma ya gari.

Kwenye msitu wa wanyama aliendesha macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, tembo wako kulia kwetu na yeye anatazama lami. Nikamwambia asimame.

"Hapa hairuhusiwi kusimama."

"Soma bango, Baba. Yasiyoruhusiwa kusimama ni malori."

Akalisoma. Akapunguza mwendo akalisoma tena, nadhani amelipita mara nyingi mno kuhesabika na hajawahi kulimaliza. Akaegesha palipo na alama, akazima injini, mkono ukabaki kwenye ufunguo. Tembo walikuwa wanakula tu, mdogo akijikuna kwenye mguu wa mama yake.

"Sijawahi kuwaona wametulia," akasema. "Mimi huwaona wanapita."

"Wewe ndiye uliyekuwa unapita."

Tulikaa pale mpaka wakaondoka wenyewe, na akaniuliza kama nina kiu. Nikamwona ni mume mzuri na roho ikaniuma zaidi, kwa sababu mume mzuri hakunisaidia kitu siku ile. Nilitaka jibu moja, ndiyo au hapana.

Mji ukatokea mchana, kuta nyeupe na lango la mawe kama lilivyo kwenye kalenda. Mume wangu akaanza kupunguza mwendo tukiwa mbali bado. Karibu na lango akawasha taa za dharura akasimama katikati ya njia, nyuma wakaanza kupiga honi. Akashuka. Akaliendea lango akalitazama juu, akarudi akakitazama kigari, akaenda tena. Mimi nilikuwa sitazami lango. Nilikuwa natazama watu wanaotoka ndani, kila mwanamke, yule mwenye kapu, yule anayefunga duka, nikingoja nani atamtambua.

Akaja dirishani. "Mama, shuka uniongoze."

"Nikuongoze nini?"

"Simama mbele uniangalie juu na pembeni. Kama utingo. Nakuomba."

Sauti yake ilinishusha. Sijawahi kusikia akiniomba kwa sauti ile. Nikasimama chini ya lango na mkoba wangu, mwanamke mzima, nikapunga mkono. Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Juu ya kigari ungeweza kupandisha kigari kingine na bado pangebaki. Watu wakasimama kututazama. Yeye alikuja taratibu mno, kichwa kimetoka dirishani, macho juu kwenye jiwe, na alipopita akaegesha palepale akaweka kichwa kwenye usukani.

Nikaingia nikafunga mlango. Nilikuwa nimechoka kuchanganyikiwa.

"Baba, yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyeapa kumkwepa."

Akaniangalia kama nimesema lugha ngeni. Kisha tukasikia sauti nyuma yetu. Kijana anayetembeza wageni alikuwa amesimama na kundi lake chini ya lango, anaonyesha kwa fimbo mfuo mrefu uliochimbika kwenye jiwe la juu. Anawaambia hiyo ni alama ya mzinga, vita vya zamani sana, adui alipiga kutoka baharini na lango halikuanguka. Wageni wanapiga picha.

Mume wangu akashuka. Nikamfuata, nikijua sasa ndiyo sasa. Alisimama nyuma ya kundi, kofia mkononi, akasikiliza vita vyote mpaka mwisho. Wageni walipoondoka akasogea, akanyoosha mkono, hakufika.

"Ni mimi," akaniambia.

"Ni wewe nini?"

"Huo mfuo. Ni kontena."

Akanieleza palepale, akitazama ukuta. Safari yake ya kwanza kabisa alitaka njia ya mkato, akaingiza lori na kontena juu, likanasa. Soko zima likatoka. Walimcheka, wakampigia makofi, wakamtolea upepo kwenye tairi zote ndipo likashuka, akarudi kinyumenyume mtaa mzima na watoto wanaimba. Hakumwambia mtu. Baadaye wakaja kumwita Breki, na kila walipomwita aliliona lango hili. Aliapa haingii tena, na alikuwa na hakika siku akiingia kuna mtu atamnyooshea kidole.

"Hicho tu?" nikamwuliza.

"Wewe unaona ni hicho tu," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mbona hukumwambia yule kijana?"

"Anafanya kazi yake. Na vita vyake ni vizuri kuliko vyangu."

Nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta, na nusu ya kicheko kile kilikuwa kilio. Yeye akaanza kutabasamu bila kujua mimi nacheka nini.

Tukapata chumba katika nyumba ya wageni hapo ndani, ghorofani, ngazi nyembamba. Alibeba begi langu akihema, akaliweka kitandani, zipu ikaachia. Akaanza kunitolea nguo atundike, shati, sweta, gauni la kwendea harusi za watu, bahasha ya vyeti. Mwisho akatoa sare. Akaishika mabegani, akaitazama.

"Mama, sare ya kazi huku ya nini?"

Ningeweza kudanganya. "Nilidhani una mke hapa," nikamwambia. "Nilikuwa nakwenda kwa dada."

Akaketi kitandani na sare mapajani. Chini mtaani mtu alikuwa anavuta mlango wa bati wa duka lake. Akaitazama bahasha, akazitazama zile nguo zote, akahesabu mwenyewe ni za muda gani.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa nimebeba nguo nyingi bure."

Akainuka, akaitundika sare mwisho kabisa wa ufito wa kutundikia nguo, pembeni ya shati lake.

"Basi tukae mpaka ziishe," akasema.

Tukakaa. Kila asubuhi tulitoka kwa miguu kupitia lango lile, na yeye hakuacha kutazama juu. Nilivaa moja baada ya nyingine, sweta na yote, mpaka ikabaki sare peke yake.